Masinia Tisa ya Mama Kidawa

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na kamati za shule na kila mmoja ana maoni, aliishi digidigi mdogo, Mama Kidawa, mwoga hata wa kivuli chake, na mwanawe mmoja tu, Kidawa, wa darasa la pili.

Shuleni kulikuwa na mzozo. Mwalimu Tembo alisema kuzidisha ni kukariri: mtoto aimbe jedwali toka mwanzo hadi mwisho, asiulize. Mzee Kiboko, mwenyekiti wa kamati, alisema huko ni kufuga kasuku. Mtoto apange maharage mafungu mafungu, aone kwa macho. Basi asubuhi Kidawa anaimba, mchana anapanga, akiulizwa sita mara tatu hajui aimbe au apange, anabaki kukodoa macho tu. Mama alijaribu kumsaidia, naye akavurugika, maana akimsikiliza Tembo anaona kweli, akimsikiliza Kiboko anaona kweli, sasa ashike lipi?

Ijumaa ikaja barua. Kidawa hajui kuzidisha, Jumatatu arudi darasa la awali, akakae na vifaranga. Kwa hilo tu wale wawili walikubaliana.

Mama Kidawa aliisoma mara tatu. Kulia? Kubembeleza? Nani amsikie digidigi? Lakini digidigi akiogopa hakimbii moja kwa moja, hukata kona. Akajitolea kupika kwenye kikao cha wazazi cha Jumapili.

Siku ilipofika akawaendea wakubwa wale, sauti ikimtetemeka.

"Wazee wangu, nina masinia tisa. Kila sinia wageni sita, kila mgeni kipande kimoja cha muhogo. Nipakue vipande vingapi? Mimi nachanganyikiwa."

Wakacheka. Akawauliza, je, asiyejua afanyweje?

"Arudi awali," wakajibu kwa pamoja, kila mmoja akimtazama mwenzake.

Tembo akafumba macho akaanza kuimba, sita mara moja sita. Kumbe mlangoni Mama Kidawa amemnong'oneza kila mzazi kwamba Mwalimu huumia sana asipoamkiwa. Basi kila Tembo akifika sita mara tano, anaingia mmoja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Wimbo umepotea. Hakujua kuuingilia katikati, kwa hiyo anaanza upya, sita mara moja sita. Akaingia Nyumbu na mkewe. Shikamoo, marahaba. Upya tena.

Kiboko naye akadai maharage. Mama Kidawa akaomba radhi, makavu yote yameingia chunguni, yapo haya tu ya nazi. Kiboko akayapanga juu ya jani la mgomba. Fungu la kwanza, la pili. Akaonja moja. Nyam. Alipofika la saba, la kwanza halipo. Akaapa kwamba kuna mwizi.

Wazazi wakaanza kusogezasogeza miguu. Baba Nyani akauliza kama hii ni hesabu au wamefungishwa saumu.

Ndipo Kidawa, aliyekuwa akipunga nzi juu ya muhogo, akasema taratibu, "Mama, hamsini na nne."

Tembo akataka kujua ameimba saa ngapi. Kiboko akauliza maharage yake yako wapi.

"Masinia yangekuwa kumi, ni sitini, hiyo naijua kwa wimbo wa Mwalimu. Lakini la kumi halipo. Nikaondoa fungu moja la sita, kama maharage ya Mzee."

Mama Kidawa akapakua akihesabu kimoja kimoja, maana wanangu, jibu hata yeye hakulijua. Hamsini na nne. Kila mgeni akapata kimoja, hakuna aliyekosa, hakikubaki hata kimoja.

Kisha, kwa sauti ndogo, akawakumbusha wazee neno lao.

Jumatatu Kidawa alikuwa darasa la pili, anaimba na kupanga. Na kule awali, kwenye benchi la vifaranga, walikaa wanafunzi wapya wawili, wanene, bado wanabishana. Benchi likalia kraaa.

"Babu," kifaranga mmoja akamwambia Tembo, "sogea kidogo, hata sisi tunajifunza."

Wanangu, wakubwa wakigombania njia, wasimhukumu mtoto waliyempoteza wao.