Nyayo Tatu, Watu Wanne

Leo sitaki mnijibu kama mlivyozoea. Mimi nikisema "Jiwe!", ninyi semeni "Halijageuka!" Jiwe! Halijageuka! Pazeni sauti, maana huko tuendako hakuna wa kutusikia. Jiwe! Halijageuka! Haya, kaeni vizuri.

Palikuwa na mji uitwao Pangoni, uliojengwa juu ya mwamba. Ndani ya mwamba mlikuwa na vichochoro vya giza vilivyopindana, na hakuna aliyejua vilichongwa na nani. Pa kuingilia palikuwa na bamba la jiwe la mviringo, na juu yake zimechongwa nyayo tatu. Siku mwezi unapoandama, na siku hiyo tu mpaka jua litue, watu watatu wakisimama kwenye nyayo zile, jiwe lilizunguka nao polepole kama jiwe la kusagia, likawatia ndani. Kutoka ni vivyo hivyo. Wakisimama wawili, halitikisiki. Wakisimama wanne, halitikisiki.

Vijana wa Pangoni waliingia kwa kutafuta sifa. Nao walichaguana kwa namna moja tu: mwenye mabavu, mwenye mabavu na mwenye mabavu. Walipigiwa ngoma, wakainua mapanga, wakazungushwa, na wengi wao hawakuonekana tena. Mnadhani waliliwa na zimwi? Waliliwa na panya. Msicheke! Panya-buku wa mle wakubwa kuliko paka, huja thelathini kwa mpigo, na wapo katika kichochoro cha kwanza kabisa, hatua ishirini kutoka kwenye jiwe. Shujaa aliyejiandaa kupambana na joka aling'atwa kisigino kabla macho yake hayajazoea giza. Na akifa mmoja, wale wawili wamekwisha hata kama ni wazima, maana jiwe linataka watatu.

Kijana mmoja aitwaye Kombo aliingia na rafiki zake wawili. Mapanga yao matatu, mdomo wao mkubwa, dawa hakuna. Dada yake, Sihaba, alikuwa msuka mikeka, na alimwambia asiende. Kombo akacheka, akambusu mama yake kichwani, akaenda.

Mwezi mzima Sihaba alisuka bila kuona anachosuka. Alilia, akakasirika, halafu akakaa akapiga hesabu. "Mle ndani wapo watatu," alijiambia. "Pengine wamepotea, pengine mmoja hawezi kutembea. Nikiingia na wawili tutakuwa sita. Sita ni watatu mara mbili. Jiwe litatutoa sote." Hesabu hiyo ishikeni, tutairudia.

Basi akatafuta wa kwenda nao. Wenye mabavu hakuwagusa. Alikwenda sokoni kwa Machano, hamali wa magunia, mtu mpana ambaye hakuwahi kupigana na mtu.

"Dada, mimi ngumi siijui," Machano alisema.

"Sitaki upigane, kaka. Nataka usimame tu, wala usisogee."

"Kusimama nakuweza," akasema Machano.

Kisha akaenda kwa Bi Mkejina, mkunga, ambaye mikono yake ilijua damu inazuiwaje na mtu anarudishwaje.

"Mwanangu, miguu yangu mibovu," Bi Mkejina alisema. "Nitawachelewesha."

"Ndiyo maana nimekuja kwako, bibi. Nataka wa kutuchelewesha."

Siku mwezi ulipoandama, mji mzima ulisimama mbele ya jiwe kuwasubiri Kombo na wenzake. Asubuhi ikapita, adhuhuri ikapita. Alasiri Sihaba akatangulia na wenzake wawili, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Hamali, mkunga na msuka mikeka! Mnakwenda harusini?" Sihaba akapanda kwenye unyayo wake. Aliwaambia wenzake, "Tunaingia watatu, tunatoka watatu. Hilo ni neno langu." Akamgeukia mama yake, akamwambia, "Sirudi bila Kombo." Ahadi mbili kwa pumzi moja. Jiwe likazunguka, na kicheko cha watu kikakatika kama kilichofunikwa na sufuria.

Jiwe! Halijageuka!

Ndani walikuta ukumbi mdogo wenye ufa juu, unaoingiza mstari mmoja wa mwanga. Mbele yake palikuwa na tundu jembamba la kuingilia kichochoroni, ambalo mtu angeweza kuliziba kwa jiwe. Hapo ndipo palipokuwa nyumbani kwao kwa mwezi mzima.

Siku ya kwanza walikwenda hatua kumi na mbili. Panya wakaja kama maji yaliyomwagwa. Machano akasimama mbele na ubao wa mlango alioingia nao mgongoni, wakamng'ata mara tatu, na Bi Mkejina akasema, "Turudi."

"Turudi wapi?" Sihaba aling'aka. "Mdogo wangu yumo mle!"

"Na yeye anataka ufike, hataki ufie njiani. Turudi."

Wakarudi, wakaziba tundu, Machano akafungwa vidonda, wakalala. Siku ya pili hatua ishirini, wakarudi. Siku ya tano waliuvuka ule uchochoro wa kwanza uliowamaliza mashujaa, na siku ya sita walirudi nyuma tena kwa sababu mkono wa Machano ulikuwa umevimba. Sihaba alimchukia Bi Mkejina siku ile, alimchukia kweli, kwa kuwa bibi alikuwa sahihi.

Na kila walipokwenda, Sihaba alisuka. Alikuwa na miyaa kiunoni, yale majani ya kusukia mikeka, na alisuka ukili mmoja mrefu, utepe mwembamba: kila hatua jicho moja la msuko, njia ikipinda kulia fundo moja, ikipinda kushoto mafundo mawili. Machano alimtania, "Mkeka wa nani huo, dada?" Akamjibu, "Wa kutulaza nyumbani." Huo ukili ndio uliokuwa macho yao. Mle ndani unaona kilicho mbele ya pua yako tu. Ukigeuka mara mbili, hujui tena ulikotoka.

Siku ya kumi na saba walifika mbali kuliko siku zote, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Panya walitokea nyuma na mbele. Taa yao moja ikaanguka, mafuta yakamwagika, giza likawafunika.

Machano alisimama. Aliuweka ubao mbele yake katikati ya uchochoro, akaegemea, akawaacha wamtafune miguu, wala hakurudi nyuma hata unyayo mmoja. Angesogea, wote watatu wangekwisha pale pale.

Bi Mkejina alipiga magoti kwenye giza lile, akapapasa mguu wa Machano mpaka akapata mshipa unaomwaga damu, akaufunga kwa kitambaa chake cha kichwa, huku panya wakimpanda mgongoni. Angechelewa kidogo, aliyesimama angeanguka, na ukuta wao ungekuwa umebomoka.

Sihaba alitoa ukili, akaupitisha vidoleni kuanzia mwisho. Fundo moja. Alipoingia ilikuwa kulia, basi kutoka ni kushoto. "Nishikeni! Hatua nane, kushoto!" Alipapasa jicho moja moja, akiogopa kuruka fundo. Angeruka moja tu, wangejitia wenyewe kwenye mashimo ya panya.

Lakini panya walikuwa wengi, na nguvu za Machano zilikuwa zinakwisha. Ndipo likasikika panga likigongwa kwenye panga, juu, upande wa kulia. Ngwe! Ngwe! Ngwe! Na sauti iliyokauka, "Huku! Njooni huku, mabaradhuli!" Panya wote wakageuka, wakaikimbilia ile kelele. Aliyekuwa akigonga alikuwa amejificha mwezi na nusu kwenye ukingo wa mwamba, akiishi kwa maji ya mtiririko na popo, na kilichomweka hai ni kukaa kimya. Sasa alikuwa amekitupa kimya chake. Walimpandia wakamng'ata mabega, naye akaendelea kugonga mpaka wale watatu wakapita.

Mnajua alikuwa nani. Aliwaacha panya kule juu, akashuka kwa upande wa pili akichechemea, Sihaba akamkumbatia akalia kwa sauti, akampiga kofi, akamkumbatia tena.

"Wenzako wako wapi?" Sihaba alimuuliza.

"Ni mimi tu, dada. Wale nimewafukia kwa mawe. Mmoja siku ya pili, mwingine siku ya nne."

Furaha ya Sihaba ilidumu muda wa pumzi tatu. Halafu alimsikia Machano nyuma yake, kwenye giza, akihesabu taratibu kama mtu anayehesabu magunia: "Mmoja, wawili, watatu..." Machano hakuitaja hesabu ya mwisho.

Walirudi ukumbini kwa ukili, wakaziba tundu, wakangoja siku zao zitimie. Chakula cha watatu kililiwa na wanne, na siku tatu za mwisho hakikuwapo. Hakuna aliyeligusia jambo lile. Waliongea habari za mihogo ya nazi. Waliusema mji, wakawasema majirani. Kila mmoja alijifanya hatazami zile nyayo tatu, na wote walikuwa wakizitazama.

Mwezi ukaandama. Mwanga ulipoingia ufani, wakasikia ngoma nje, wakajua ndiyo siku. Kwanza walijaribu ujanja. Kombo alipanda mgongoni kwa Machano, Sihaba na Bi Mkejina wakasimama kwenye nyayo zao. Jiwe halikutikisika. Walisimama wanne wamebanana. Jiwe halikutikisika.

Na wewe uliyekaa pale, nakuona unahesabu vidole. Unataka kusema mwezi ujao waingie watatu wengine kumfuata atakayebaki. Sawa, waingie. Wanne? Ndiyo, watakuwa wanne, na jiwe litatoa watatu. Waingie sita, watakuwa saba, na saba hawagawanyiki. Wale vijana wawili waliofukiwa kwa mawe ndio waliovunja hesabu, na mle ndani daima atabaki mtu mmoja peke yake na panya, bila taa, bila chakula. Hesabu tena ukipenda. Mimi nimeshahesabu miaka mingi.

Jua likasogea. Machano ndiye aliyeanza. "Niseme wazi, sina aibu. Mguu huu nikibaki nao humu, siku ya tatu mimi ni maiti. Sihaba, uliniambia nisimame. Nimesimama."

"Umesimama, kaka," Sihaba alisema.

Bi Mkejina akasema, "Nibakie mimi. Nimeshakula chumvi nyingi."

"Na mguu wangu huko nje atautibu nani?" Machano aliuliza, halafu akainamisha kichwa, akajuta kuuliza. "Kisha bibi, ulitulisha uhai siku thelathini. Tukulipe kwa kukuacha kwa sababu una mvi?"

Kombo akasema, "Ni mimi niliyeyaanza haya. Nibaki mimi, nayajua mazingira." Mdomo wake ulisema hivyo, lakini mkono wake ulikuwa umeshika pindo la kanga ya dada yake, na haukuachia.

Sihaba akautazama mkono ule. Kama Kombo akibaki, alikuja kufanya nini humu? Mguu wa Machano uliliwa kwa ajili ya nani? Lakini Machano na Bi Mkejina waliingia kwa neno lake, tunaingia watatu, tunatoka watatu, na hawakuwa na ndugu mle ndani. Akawaza abaki yeye mwenyewe. Watatu wangetoka, na hakika asingekuwa amerudi bila Kombo. Ahadi zote mbili zingetimia kwa maneno. Aliwaza hivyo, na papo hapo akaogopa sana. Hakutaka kubaki. Alitaka kuona jua, alitaka kuoga, alitaka kwenda kwao, naye hakuwa ameiba kitu cha mtu hata anyimwe hayo.

"Usithubutu," Bi Mkejina alimwambia, kana kwamba amemsikia. "Aliyetukusanya hawezi kuwa ndiye tunayemtupa."

Ufani ikaingia sauti ya mama yao, imekwaruza kwa kuita tangu alfajiri. "Sihaba! Kombo! Sihaba! Kombo!" Aliyaita majina yote mawili, kwa zamu, wala hakuliruka hata moja.

Mstari wa mwanga ulikuwa umeshaacha unyayo wa kwanza. Ukaacha wa pili. Ulipogusa wa tatu, wote wanne wakamgeukia Sihaba... nimekosea, watatu wakamgeukia. Yeye hakuwa na wa kumgeukia. Aliushika ule ukili, akauviringa, akaunyoosha mkono kumpa atakayebaki, ili angalau awe na njia ya kwenda kwenye maji na kurudi.

Mkono wake uko hewani mpaka sasa. Mimi nimemwacha hapo, na kila ninapoisimulia hadithi hii namwacha hapo hapo, kwa sababu sijui aupeleke kwa nani. Toa aliyesimama, wote wangekufa. Toa aliyefunga damu, wote wangekufa. Toa aliyesuka njia, au toa aliyegonga panga, ni hivyo hivyo. Zawadi ni kuliona jua, nazo ni tatu.

Je, wewe ungemkabidhi nani ukili ule? Usinitazame mimi, amua, jua linazama. Jiwe!

Mbona leo hamnijibu?