Mkaa Juu ya Wali wa Nyati

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na vinu, vyungu na wakwe wa kuwaogopa, Nyati alikuwa mkubwa wa kijiji. Ukubwa wake wote ulikuwa wa shingo, kichwani haukufika.

Kila mavuno alifanya karamu ya wali wa nazi. Wali ulipikwa mchana wa siku ya kuamkia karamu, ukaachwa jikoni na joto lake. Juu ya kila mfuniko Nyati aliweka kipande cha mkaa kwa mkono wake. Alisema mkaa hufukuza jini na kijicho, na chakula kisichoguswa na jini hakiharibiki. Fisi, mpambe wake, aliitikia hata kabla neno halijaisha.

Wakubwa walikula kwanza. Wadogo walipata makombo, jua likishuka.

Mwaka mmoja Nguchiro alimlisha kitindamimba wake makombo hayo. Mtoto alihara na kutapika mpaka akanyauka. Wakamzika. Nyati alikuja matangani, akala vizuri, akasema mtoto amepigwa jicho kwa kuwa mama yake ni mzembe wa mkaa.

Nguchiro alimwondolea sahani. Alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja.

Mavuno yaliyofuata, zamu ya kupika ikamwangukia yeye. Alikwenda kwa Nyati akamwomba wali upikwe siku ile ile ya kuliwa, maana wa nazi huchacha upesi. Nyati akacheka, akamwambia akawafundishe panya.

Basi Nguchiro akainamisha kichwa. "Kweli, bwana wangu. Lakini wali uliolala chini ya mkaa wako unataka tumbo la mkubwa. Sisi wadogo hatuuwezi. Turuhusu tujipikie wetu kesho, tuule hivyo hivyo ukitoka moshi."

Nyati akavimba kwa furaha. Fisi akadakia, "Nani aliwahi kuwapa hawa chakula cha heshima? Wale huo wa haraka haraka."

Ikawa amri: mdogo asiguse wali uliolala. Mchana huo huo Nguchiro akapika wa wakubwa, Nyati akaweka mkaa wake juu ya mifuniko.

Siku ya karamu Nguchiro alinawa mikono kwa sabuni, akapika, akawapakulia wadogo wali wa moto. Kwenye jamvi la wakubwa mifuniko ikafunuliwa. Fuu! Harufu kali ikatoka. Wali ulivutika kama mlenda. Kiboko akauliza kwa sauti ya chini kama haujachacha.

Nyati aliona watoto wa wadogo wanamtazama. Angewezaje kurudisha tonge? "Ukali huo," akasema, "ndio heshima yenyewe."

Wakala. Fisi aliomba nyongeza, aonekane.

Alasiri haijaisha, matumbo yakaanza: guruguru, guruguru. Nyati alikimbilia shamba la mihogo. Kiboko akamfuata. Fisi yalimtoka kabla hajafika. Wazee wote wa kijiji wakachuchumaa kati ya mihogo, kila mmoja akijifanya amekuja kukagua majani.

Nguchiro akaja na kibuyu cha maji yaliyochemshwa, ametia sukari na chumvi kidogo.

"Umeturoga," Nyati akanong'ona, midomo imemkauka.

"Nilikuambia wali huo unataka tumbo la mkubwa, bwana. Nilidhani unalo. Na mkaa si ulikuwepo?"

Nyati alinyoosha mkono. Nguchiro hakumpa kibuyu.

"Kwanza niambie mbele ya hawa. Mwanangu alipigwa na jicho la nani?"

Nyati akatazama mihogo. Fisi akajifunika uso kwa jani la muhogo.

"La nani, bwana?"

"Hakuna jicho," Nyati akasema. "Ulikuwa wali. Wali wangu."

Nguchiro akampa maji. Akawapa wote, hata Fisi, kisha akaenda nyumbani kwa mwanawe.

Tangu hapo kijijini kwao wali wa nazi huliwa siku uliyopikwa, na uliochacha hutupwa shimoni, awe ameupika nani.

Nanyi wajukuu, shikeni hili: chakula kilichoharibika hakijui cheo cha anayekila.