Mji wa Wali wa Kusahau

Nisogeleeni, wasikilizaji, niwape kisa.

Mize alikuwa akienda kwa dada yake, mto ukafurika ukachukua daraja. Akashika njia nyingine, akatokea mji asioujua. Akabisha hodi mlango wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu ukafunguliwa na Shekue, mumewe aliyepotea miaka saba! Mize akapigwa na butwaa.

"Karibu wali, mgeni," Shekue akasema akimwekea sahani, asimtambue. "Ukiula, unasahau shida zote."

Mize akaisukuma sahani. "Shekue!" Akamrudishia sahani. "Shekue!" Shekue akakunja uso kama anayetafuta kumbukumbu. "Shekue, baba Mbwana!"

Kwa jina hilo la mwanawe, sahani ikapasuka, na mji mzima ukatoweka kama moshi. Wakabaki wawili nyikani.

"Mbwana yu mzima?" Shekue akauliza.

"Amekupita kimo," akajibu Mize, akaangua kilio.

Kisa nimekitua, kibebeni ninyi.