Sebule ya Saruji ya Mto

Wapendwa, mfugaji mmoja aliishi mlimani, na zizi lake lilikuwa ukingoni kabisa mwa mto. Mvua ikinyesha, samadi yote inateremkia majini, naye anafurahi kwamba kazi ya kufagia imekwisha. Nyasi za ukingoni ng'ombe walishazimaliza, udongo uko uchi.

Basi serikali ikatoa fedha za umma mto utunzwe, ili walio bondeni wanywe maji safi na mafuriko yapungue. Mfugaji akapewa saruji na mabati ahamishe zizi, na miche ya mianzi aipande ukingoni. Mnajua alifanya nini? Akajenga sebule! Sebule ya kunywea chai, na baraza mbele yake. Miche akawapa mbuzi.

Bwana mifugo akamuuliza, "Mzee, na wale wa bondeni je?"

"Kijana wangu, maji huteremka. Umewahi kuyaona yakipanda kuja kumuuliza mtu?"

Akacheka sana, akaongeza sukari.

Masika yakaingia. Mto ukavunja kingo kule chini, ukalizoa bonde. Asubuhi yake mfugaji yuko barazani na kikombe, mara anaona mtu anapanda mlima, kanga zimelowa, kuku kwapani. Mungu wangu! Mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Nyumba imekwenda. Samadi imenifuata mpaka kitandani, nikasema, mwenye ng'ombe wengi hivi hatakosa mahali pa kuniweka."

Akaingia sebuleni, akamkalisha kuku kwenye kochi.

Sasa nyie desturi yetu mnaijua. Mwanamume akae sebule moja na mama mkwe? Ale mbele yake? Akorome ukuta wa pili? Thubutu! Mfugaji akachukua mkeka na kikombe chake, akahamia zizini.

Baada ya wiki kadhaa za kulala na ng'ombe, akamnong'oneza mkewe dirishani, "Mama Neema, hivi mama ataondoka lini?"

"Mianzi yako ikikua, baba."

Mnacheka? Chekeni, lakini tusimcheke peke yake. Sisi nasi huwa tunasema mali ya umma haina mwenyewe. Ndugu zangu, inaye! Ni kweli maji hayapandi mlima, ila watu hupanda. Mwenye saruji ya mto ukutani kwake, simtaji jina. Atoke hapa akahamishe zizi, maana mwenye mali yuko njiani anakuja, na kuku wake kwapani.