Sauti Zilizotoka Ukunguni

Juu mlimani palikuwa na chuo kikuu ambako ukungu ulishuka asubuhi ukameza mabweni mazima. Ukisimama roshanini, hukuuona hata mkono wako.

Wanafunzi walikuwa na desturi yao. Ukungu ukishuka, walitoka nje hadi kwenye roshani na kusema kwa sauti neno lolote lililowakaa moyoni. Aliyesema hakuonekana. Sauti zilielea tu, kama zinatoka usingizini.

"Mpishi! Maharage ya jana yalikuwa na mawe kuliko barabara ya kwetu!"

"Nani kaazima sufuria yangu? Irudishe, hata ikiwa chafu!"

Mlezi wa bweni, Bi Tusekile, alisikiliza huku akinywa chai yake. Sauti moja aliipenda kuliko zote. Wanafunzi waliiita Jogoo, maana ndiyo iliyoanza kila mara.

"Mkuu wa chuo!" Jogoo aliita. "Mabomba yetu yamekauka kuliko hotuba zako!"

Bweni zima likaangua kicheko.

Asubuhi moja ikatokea sauti ambayo haikutania.

"Watu wa ng'ambo ya ziwa ni panya. Tuwatoe humu mmoja mmoja."

Wachache walicheka. Wengine wakarudi ndani.

Mkuu wa chuo akamwita Bi Tusekile. "Piga marufuku kelele zote. Atakayefungua mdomo, afungashe."

"Nikiwafunga midomo wote, Mkuu, nitajuaje wanachowaza?"

"Na aliyetukana utamfanya nini?"

Bi Tusekile alijiambia moyoni kwamba ni maneno tu, yatapita.

"Nipe mpaka ukungu mwingine," akaomba.

"Sawa. Yakirudiwa yale, nitazipigilia roshani zote misumari."

Ukungu mwingine ukashuka. Wanafunzi wakatoka, wakangoja Jogoo aanze. Hakuanza.

"Jogoo, umelala?"

"Jogoo, chai ya leo ni maji matupu, huna la kusema?"

Kisha ikaita sauti ambayo Bi Tusekile aliitambua mara moja. Ni ile iliyosema panya.

"Jogoo, kaka, tuchekeshe! Bila wewe asubuhi haina chumvi."

Jibu likatoka chini, upande wa lango, kwa sauti ya Jogoo mwenyewe.

"Jogoo ni panya wa ng'ambo. Yuko langoni na begi lake."

Bi Tusekile akashuka ngazi akipapasa ukuta. Langoni akamkuta Kalenga, kijana wa mwaka wa pili, mpole, ambaye hakuwahi kumsikia akiinua sauti.

"Mwanangu, ndiwe Jogoo? Mbona hukuniambia kuwa unaondoka?"

"Kusema kumenishinda, Mama. Zamani nilikuwa naropoka tu. Sasa nikifungua kinywa, nawaza: wakijua ni mimi, itakuwaje?"

Bi Tusekile akamsogelea. Wiki nzima alikuwa akiilinda midomo ya watu, kumbe mmoja ulishafungwa, na si mkuu wa chuo aliyeufunga.

Hatua zikasikika. Kijana aitwaye Ezroni akatokea ukunguni, anahema.

"Kaka, nisamehe. Sikujua kuwa ni wewe."

"Na kama nisingekuwa mimi?" Kalenga akauliza.

Bi Tusekile akapaza sauti ili roshani zote zisikie. "Mpishi mtanieni. Mimi nitanieni. Mkuu wa chuo msimwache. Ila atakayemfukuza mwenzake kwa sababu ya anakotoka, huyo ndiye atakayefungasha."

"Basi acha nikafungashe," Ezroni akasema.

"Subiri," Kalenga akamzuia. "Panda kwanza roshanini. Waambie ni nani aliyesema."

Ezroni akapanda. Ukungu ulikuwa bado mzito, angeweza kunyamaza na asijulikane. Lakini kwa mara ya kwanza tangu chuo kijengwe, sauti ya ukunguni ikajitaja.

"Mimi ni Ezroni. Niliyewaita watu panya ni mimi. Nilikosea."

Kalenga alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akalitua begi, akamgeukia mlezi wake.

"Mama, chai imebaki?"

Funzo: Uhuru wa kusema ni wa wote. Neno linalomfanya mwenzako aogope kufungua kinywa limeshamnyang'anya uhuru huo, hata kama hakuna aliyetoa amri.