Mtoto wa Korongoni Apewe Jina Gani?

Sogeeni niwatwike mzigo huu, maana mimi umenishinda.

Walikuwako washona nguo wanne wa Upare, marafiki wa chumba kimoja cha cherehani. Namkunda alikuwa na masikio: sindano ikianguka chumba cha pili, atakwambia imeangukia wapi. Yunisi alikuwa na miguu: njia akiipita mara moja haimpotei. Nanzia alikuwa na huruma, basi. Wa nne, Nakiete, alikuwa na hamu tu ya kulala mlimani kabla hajazeeka. Hakujua kuwa ana mimba changa.

Hakuna kati yao aliyewahi kulala kwenye hema. Walijishonea lao kwa turubai, wakapanda, na alasiri wakatafuta pa kulisimamisha. Namkunda akapapenda penye mchanga laini. Yunisi alisema pale ni korongo, ni njia ya maji. Namkunda akamcheka.

"Mvua ya wapi, na jua lote hili?"

Wageni wa mlima ndivyo walivyo. Hawajui kwamba mvua hunyesha kileleni na maji yakakufuata chini ukiwa juani.

Namkunda ndiye aliyesikia. Maji yakiwa bado mbali alipiga kelele, kisha akarudi ndani akamburuta Nakiete aliyelala kwa uchovu. Hema likaenda na maji, na viatu vyao pia.

Nanzia ndiye aliyevua. Alikuwa ametoka kuokota kuni, kwa hiyo sweta lake pekee lilibaki kavu. Nakiete alikuwa ameloa chepechepe, hata kusema hawezi kwa baridi ya usiku. Nanzia akamvisha sweta, akamkumbatia, yeye akabaki na kanga tu.

"Tulia, mimi nina mafuta mwilini," alimwambia, na alikuwa mwembamba kama uzi.

Yunisi ndiye aliyeshuka. Alikwenda pekupeku katika ukungu, asipotee hata hatua moja, akarudi na watu na machela. Kidonda alichokipata mguuni njiani kikaoza, mguu ukakatwa.

Nanzia alikufa wiki ya pili, kwa homa ya mapafu. Inaniuma hata kulisema.

Nakiete alijifungua mtoto wa kike, akaambiwa hatazaa tena. Na kwao mtoto hupewa jina la mtu mmoja tu. Huyo somo wake huwa mama wa pili, na uzeeni hutunzwa na mtoto huyo.

Siku ya kutoa jina, Yunisi alisema hana mtoto, na sasa hana mguu. Mama yake Nanzia alisema anataka kulisikia jina la mwanawe likiitwa tena uani. Namkunda hakudai kitu, alilia tu, kwa kuwa wote walijua nani aliupenda mchanga ule. Lakini bila masikio yake kusingekuwa na wa kuvishwa wala wa kubebwa.

Nakiete amempakata mtoto, watu wanamngoja. Haya, ungekuwa wewe, ungemwita nani?