Muhuri Haukazi Nati

Muhuri haukazi nati. Jana mlimsikia mzee Kihongosi akimtupia meneja wa kiwanda maneno hayo, mkacheka hadi mkashika mbavu, mkadhani ni namna ya kumsuta mtu anayejivunia vyeti. Chekeni, kicheko hakina kodi. Lakini siku methali hii ilipotamkwa mara ya kwanza hapa Idunda hakucheka mtu, na aliyetamkiwa hakuwa meneja wala bosi wa mjini. Mmeuliza ilitoka wapi, basi tulieni mpaka mwisho, maana wengi huisikia nusu na kuondoka wamefurahi.

Zama hizo msitu wa misindano ulianzia hapo nyuma ya zahanati. Mwanamume mwenye nguvu alikuwa ama mkata miti ama mbeba mbao, na mkata miti asiye na chensoo ni sawa na mkulima asiye na jembe. Mashine hizo za mnyororo zilikuwa na mganga mmoja, fundi Lutengano, mwenye kibanda cha mabanzi kando ya soko. Ufundi hakuusomea darasani. Aliupata kwa kufungua na kufunga miaka ishirini na miwili, hadi akawa akisikia mashine inanguruma ng'ambo ya bonde anakwambia chujio lake limejaa vumbi.

Mbele ya kibanda chake palilala gogo moja kubwa, limejaa makovu kila upande. Lutengano hakumkabidhi mtu mashine mkononi. Aliiwasha, akaikatisha gogo lile mwenyewe akitazama, kisha akaipandisha kasi na kuipiga breki mara tatu. Mnyororo usiposimama papo hapo mara zote tatu, mashine ilirudi mezani. Watu wakauita mtindo huo kuiapisha mashine. Mtu akitaka kuingia msituni aliulizwa kwanza, "Imeapa?" Na mwanamke ambaye mumewe anaondoka na mashine isiyoapa alikuwa na haki ya kumfungia mlango, na wakwe wakamuunga mkono.

Kisha msitu ukapewa kampuni. Kampuni ikaja na kofia za manjano, geti la chuma, na kanuni zilizobandikwa kwenye geti. Kanuni ya nne ilisema haitaingia chensoo msituni ila iliyohudumiwa na wakala wa mjini, aliyeidhinishwa na watengenezaji. Mnyororo na upanga wa chuma unaoubeba, mkataji aliruhusiwa kubadilisha mwenyewe. Lakini kifuniko cha injini na kile cha breki vilizibwa kwa karatasi nyekundu yenye muhuri wa wakala, na mlinzi akiiona imechanika anakurudisha hapo hapo. Kanuni ya tano ilihusu mafundi wa mitaani. Iliwaita wachezea mashine, na ikaahidi polisi kwa yeyote atakayefungua kifuniko.

Tuseme kweli, kanuni hizo hazikuzuka hewani. Wapo mafundi wa mitaani waliofunga injini kwa waya wa uzio, na wengine wao walistahili polisi tangu zamani. Ila wakala naye alikuwa na fundi mmoja tu aliyesomea, na mashine mia mbili za wilaya nzima, na msimu unaanza Jumatatu. Mikono ya fundi yule ilikuwa miwili kama yenu. Muhuri ndio uliokuwa mwepesi.

Jumamosi mchana, siku mbili kabla ya msimu, Wikechi alifika kibandani na chensoo yake begani. Wikechi alikuwa amemwoa Tulalumba, dada yake Lutengano, na mashemeji hao wawili walipendana kuliko ndugu wa tumbo moja.

"Mlamu, nimeichukua mjini leo," akasema. "Imelala huko wiki tatu."

"Sasa kwangu inafuata nini? Mimi si mchezea mashine?"

Wikechi akacheka, akaiweka chini. "Imefuata gogo. Sijawahi kuingia msituni na mashine ambayo haijaapa, na kwa uzee huu sianzi."

Lutengano akaiwasha. Ilikata vizuri, sauti nyororo. Akaipandisha kasi, akapiga breki, mnyororo ukasimama. Akapiga ya pili, ukasimama. Ya tatu, mnyororo uliteleza kidogo mbele ndipo ukatulia, na ndani ya kifuniko cha breki kitu kikagonga chuma, kidogo sana, mlio ambao mtu mwingine angedhani ni wa jiwe chini ya kiatu. Akazima. Alipoinuka spana ilikuwa tayari mkononi.

"Nati ya breki imelegea. Haijakatika, imelegea tu. Nipe dakika tano."

Wikechi akaweka kiganja juu ya ile karatasi nyekundu. "Usiichane, mlamu."

"Nitaibandua taratibu."

"Mlinzi anaipapasa kwa kidole. Juzi, kwenye ukaguzi wa getini, alimrudisha mwenzetu Sanga kwa mkwaruzo tu wa karatasi. Nikirudi mjini ni wiki tatu nyingine, na genge halitaningoja, nafasi yangu watampa mtu. Nikiukosa msimu huu, Tulalumba na watoto nitawalisha maranda?"

Lutengano akaizungusha spana mkononi. Alimwonea huruma shemeji yake, hilo halina shaka. Na tusimfichie kwa kuwa ni mtu wetu: kanuni ya tano nayo ilimjia kichwani, na polisi, na kibanda chake kikibomolewa. Akaitazama nati asiyoweza kuiona, nyuma ya karatasi nyembamba kuliko ganda la kitunguu.

"Basi kata kwa tumbo la upanga," akasema. "Ncha isiguse kitu. Ikigusa mashine itaruka, na breki hii haitaishika."

"Nimesikia."

"Jumapili ya kwanza ukipata nafasi, irudishe mjini waikaze."

"Nitairudisha."

Lutengano akaitumbukiza spana mfukoni mwa aproni. Katika miaka ishirini na miwili, hiyo ndiyo mashine ya kwanza kuondoka pale gogoni bila kumaliza kiapo chake. Wikechi alipofika kwake jioni mkewe alimuuliza kama imeapa. Akajibu, "Nimetoka kwa kaka yako sasa hivi." Tulalumba akaridhika, akamfungulia mlango.

Jumatano asubuhi Wikechi alikuwa akipogoa matawi ya mti uliokwisha kuanguka. Alikata kwa tumbo la upanga kama alivyoagizwa. Lakini chini ya matawi kulikuwa na kisiki kidogo kilichofunikwa na sindano za misindano, na ncha ikakigusa. Mashine ikaruka kumwelekea. Kinga ya mkono ilimgonga nyuma ya kiganja kama ilivyotengenezwa imgonge, ikaisukuma breki, na breki haikushika. Mnyororo ulimkuta kati ya shingo na bega. Wenzake walimpakia kwenye trekta la magogo. Hakufika barabarani.

Siku ya nne ya matanga mwenyekiti wa kijiji aliita kikao. Alikuja meneja wa kampuni, akaja ofisa wa wakala na fundi wake aliyesomea. Ofisa alisema kwa utaratibu, kama mtu asomaye risala, kwamba mashine ilitoka kwao ikiwa nzima, na kwamba kuna mashahidi walioiona Jumamosi kwenye kibanda cha mchezea mashine mmoja hapa kijijini. Watu wote wakamgeukia Lutengano.

"Iliingia kwangu," akasema. "Ileteni."

Ikaletwa ndani ya gunia. Aliitoa mwenyewe, akaiweka juu ya meza ya mwenyekiti. Damu ilikuwa imekaukia pembeni mwa ile karatasi nyekundu, na karatasi yenyewe ilikuwa nzima, muhuri unasomeka, hauna hata mkunjo.

"Mimi siigusi," Lutengano akamwambia fundi wa wakala. "Ichane wewe uliyeibandika."

Yule fundi akaibandua, akaondoa kifuniko. Hakuhitaji spana. Aliishika nati ya breki kwa vidole viwili, ikazunguka. Akainamisha kichwa.

"Kumbukumbu zetu," ofisa akasema, "zinaonyesha kuwa mashine hii ilikaguliwa."

Kelele zilizofuata zilisikika hadi zahanati. Walimtoa Lutengano nje kwa kumpigapiga mgongoni. Mmoja akamletea pombe ya ulanzi, akamwambia leo umewaumbua. Hakuunywa. Aliacha chombo juu ya ukuta, akashika njia ya kwa dada yake.

Tulalumba alikuwa ameketi mkekani, kanga begani. Habari zilikuwa zimemtangulia kaka yake.

"Wanasema karatasi imekutwa nzima."

"Nzima."

"Jumamosi alipita kwako. Uliiapisha?"

"Mara mbili ilisimama."

"Na ya tatu?"

"Iliteleza."

"Kaka, uliisikia ile nati?"

"Niliisikia."

"Spana ilikuwa wapi?"

"Mkononi."

Tulalumba hakulia. Alikuwa amelia siku nne, na machozi yaliyobaki aliyawekea watoto. Alimtazama mtu aliyemlea tangu mama yao afariki, akasema taratibu, "Muhuri haukazi nati, kaka. Yule wa mjini pengine hakujua. Wewe ulijua." Kisha akainuka, akaingia ndani, na safari hii mlango akaufunga.

Waombolezaji waliokuwa uani waliyasikia maneno hayo, na kabla ya arobaini kijiji kizima kilikuwa nayo mdomoni. Kampuni nayo ilichukua hatua. Ilitangaza kwamba kuanzia msimu unaofuata kila kifuniko kitawekwa mihuri miwili.

Lutengano aliendelea kutengeneza mashine za mashambani na pampu za maji. Gogo lile hakulikata kwa mashine tena, na hakumruhusu mtu alipasue kuni. Liliozea pale pale mlangoni pake, akilivuka kila asubuhi.

Kwa hiyo mkitaka kuwatupia mameneja methali hii, watupieni, wanastahili. Ila kabla hujaitamka, jipapase mfukoni uone kama spana haimo. Muhuri haukazi nati.